Nakupa Masika Moja

Jumapili, 3 Novemba

Mvua bado. Baba: vijiko vinne vya uji kwa mlo.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Wateja wenyewe hawajafika, basi acha niandike ya kwangu.

Leo tumetimiza wiki mbili Ng'ambo. Nyumba ina vyumba vitatu na ua wa kuanikia nguo, na kodi yake ni ile ile niliyokuwa nalipa Tabata kwa chumba kimoja, nikigombania bomba na wapangaji sita. Cherehani nimeiweka barazani. Aliyenishawishi ni Vestina, niliyesoma naye ushonaji tukiwa wasichana. Mwaka mzima alinipigia simu: "Njoo Tabora, Leonia. Huku pesa yako itapumua, na watu wanajuana." Sasa nimefika, naye kaondoka juzi kwenda Urambo kumwuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Hapo ndipo nilipojua kwamba kati ya watu wanaojuana, mimi nilikuwa namjua mmoja tu.

La pesa lilinivutia, sikatai. Lakini hili la kujuana ndilo lililonifungisha mizigo. Siku baba alipoanguka bafuni nilitoka getini nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Miaka kumi na moja nimekaa mtaa ule. Aliyekuja ni mlinzi wa nyumba ya tatu, na jina lake nililijua siku hiyo hiyo. Kiharusi kilimchukua baba mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Tangu Januari hajatamka neno.

Kaka yangu Octavian hakutaka tuje. Ana nyumba Kimara, yeye na mkewe wanatoka alfajiri na kurudi usiku, na baba angekaa chumba cha uani na dada wa kazi. "Unampeleka mzee mbali akafe peke yake," aliniambia. Tulibishana hadi tukachoka. Mwishowe akasema, "Nakupa masika moja. Nakuja kumwona kwa macho yangu kabla mvua hazijaisha. Nikimkuta amekonda, narudi naye, na usinililie."

Nilikubali. Ndiyo maana nahesabu vijiko.

Jumamosi, 9 Novemba

Vijiko vinne asubuhi, sita jioni.

Amekuja jirani. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, ana macho mekundu sana. Anakaa peke yake nyumba inayofuata, anakaanga maandazi kwa kuni na kuyatembeza kwenye beseni. Nilifurahi jamani. Nikamtolea kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi Apolinaria. Huyo kwenye mkeka ni nani wako?"

"Baba yangu. Anaumwa kiharusi, hasemi."

"Poleni. Nyie watu wa wapi?"

"Tumetoka Dar. Baba ni Mzaramo wa Pugu."

Akalitua beseni chini. Akamwinamia baba akamtazama kama mtu anayekagua nguo ya mtumba. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mzigo wangu wa pwani. Nimekungoja siku zote hizi, umenifikia umeshaoza."

Akabeba beseni lake akaondoka, hata kwaheri hakuna. Baba alitoa mlio kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nikampa maji upesi. Nimesema ni uzee, mtu akizeeka ulimi unakosa breki.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua ya kwanza ya masika ya huku. Bati linapiga kelele hadi sisikii cherehani. Mteja wa kwanza, sare mbili za shule. Vijiko saba.

Jumatano, 20 Novemba

Vijiko tisa. Sijui ni hewa, sijui ni maembe.

Bibi Apolinaria anakuja kila siku. Haingii kwa hodi kama watu, anaingia akisema. "Huyu bado hajafa tu?" Jana alisema watu wa pwani ni wavivu hata wa kufa. Leo kamvua baba kofia yake, ile aliyopewa alipostaafu bandarini, akajivika juu ya kilemba na kutoka nayo barabarani. Nikamfuata hadi kwake.

"Bibi, kofia ya mgonjwa."

"Ya kwangu hii. Aje mwenyewe kuidai."

Nilirudi mikono mitupu kwa hasira. Baba alikuwa anatoa ule mlio na machozi yanamtoka. Nilimfuta nikamwambia, "Usijali baba, nitakununulia nyingine." Akafumba macho.

Mama yangu alikuwa Mpare, mtu wa taratibu. Baba naye alikuwa karani mkali, nyumbani kwetu mzaha ulikuwa unaishia mlangoni. Sijazoea mtu mzima wa namna hii.

Jumapili, 1 Desemba

Octavian kapiga. Nimemwambia baba anafika hata vijiko kumi na viwili, na mashavu yanarudi. Akauliza, "Hivi ulimwuliza mzee kama anataka kuhamia huko?"

Nilimjibu kwamba mtu asiyesema haulizwi. Kisha nikakata simu, nikakaa na jibu langu mwenyewe, halikunipendeza.

Jumapili, 8 Desemba

Naandika nimefunga mlango na dirisha.

Baada ya misa nilikuwa uani naanika mashuka, mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nikasikia ule mlio wa baba, mkubwa kuliko siku zote. Nilipoingia nilimkuta Apolinaria kapiga magoti mkekani na kamba ya katani mkononi. Anampima baba. Kaanzia utosini, kaivuta kamba hadi nyayoni, kapiga fundo, anaizungusha mabegani tena. Akawa anaongea peke yake: "Mrefu huyu. Atatuchosha kuchimba. Bora nimkunje."

Nilimpokonya kamba. Alidhani nafanya mchezo, akaing'ang'ania huku anacheka. Baba uso umemwiva, machozi yanachuruzika, kifua kinapanda na kushuka. Nikaona anakufa pale pale, nami natazama. Nilimshika yule bibi mabega nikamsukuma hadi nje ya mlango. Sijawahi kumgusa mtu mzima kwa nguvu maishani mwangu. Alipepesuka, akashika nguzo ya baraza. Alikuwa bado anacheka mpaka aliponitazama usoni, ndipo akaacha.

"Usirudi hapa," nikamwambia. "Ukirudi nitakwenda mbele."

Akashuka barazani akaenda kwake. Baba hakula jioni hii, kageukia ukutani. Namwogopa yule mwanamke. Kamba ya kumpima mtu mzima ni ya nini?

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mzee Amon, alikuwa safarini. Nilimkuta katibu, binti anaitwa Advera, hana hata mwezi tangu afike kutoka Bukoba. Wanaume watatu walikuwa kwenye benchi wanasubiri barua za utambulisho.

Nilieleza yote, kofia, matusi na kamba. Advera aliandika kwenye kitabu, kisha akasoma kwa sauti kama anavyotakiwa: "Mlalamikiwa alimpima mgonjwa kwa kamba kwa nia ya kishirikina."

"Kishirikina sikusema," nikamwambia. "Nimesema sijui alikuwa na nia gani."

"Sasa mama, nia nyingine ingekuwa ipi?"

Wale wa benchini walikuwa wameinua vichwa. Nikasaini.

Alhamisi, 12 Desemba

Bibi hakuja. Mtaa umetulia. Vijiko vitano.

Jumapili, 15 Desemba

Vijiko vitatu.

Baada ya misa mwanamke nisiyemfahamu kanishika mkono. "Umefanya vizuri mgeni. Sisi tulikuwa tunaogopa kusema. Yale macho yake umeyaona?"

Nilitaka kumwambia ni moshi wa kuni, mtu amekaanga maandazi miaka arobaini. Maneno yalifika mdomoni. Nikayameza, nikasema, "Ahsante." Ndiyo kwanza mtu wa hapa kanishika mkono, nami nikaona haya kuuachia. Njia nzima ya kurudi nilijichukia.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Baba: vijiko viwili.

Jana jioni walirusha mawe juu ya bati la Apolinaria. Nilidhani ni mvua ya barafu. Kisha nikasikia sauti za vijana, na neno mchawi likitajwa, halafu miguu ikikimbia.

Leo saa nne wameingia watu wawili, mzee Amon na Vestina. Vestina karudi jana kutoka Urambo na habari kazikuta stendi. Hakunikumbatia. Alikaa kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani. Amon alikuwa na kile kitabu cha ofisi kwapani.

"Mama," akasema, "baba yako ni Mzaramo. Hukuambiwa kwamba sisi Wanyamwezi ni watani wenu?"

"Nilijua wapo watani. Nilidhani ni maneno ya harusini."

"Kwenu huko mjini labda. Kwa huyu bibi si maneno. Babu zake walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi, wakazoeana na babu zako hadi kuibiana vyungu. Mtani akiugua, yeye ndiye wa kwanza kuja kumtukana. Akifa, yeye ndiye wa kuingia kaburini kulala, agome kutoka mpaka apozwe kwa pesa. Alikuwa anampima kaburi kwa sababu ni kazi yake."

"Lakini baba alikuwa analia."

Vestina alinitazama kwa mara ya kwanza. "Leonia, ule mlio ni kicheko."

Nikakana. Nikasema mimi ndiye ninayekaa naye, ninamjua. Vestina akauliza, "Siku bibi anakuja, mzee alikuwa anakula vijiko vingapi?" Nikachukua daftari hili ili nimwonyeshe. Nikafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikisoma. Tisa. Kumi na viwili. Kisha vitano, vitatu, viwili.

"Mgonjwa kila mtu anamwonea huruma," Vestina akasema. "Wewe unamfuta, unamlisha, unamwambia usijali baba kama mtoto. Yule peke yake alikuwa anamsema kama mwanaume aliye sawasawa."

Amon alifungua kitabu kwenye saini yangu. Hakupandisha sauti. "Neno hili uliloliacha hapa, mikoa yetu hii bibi wa macho mekundu huuawa nalo. Kwa panga, mama. Mimi nimezika wawili."

Walipoondoka nilikaa chini karibu na baba. Nikamwambia nimekosa. Alinitazama, halafu akageukia ukutani.

Jumatano, 18 Desemba

Nilikwenda kwa bibi na kilo mbili za sukari. Nje kulikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu, imeshapakiwa godoro, sufuria na lile beseni. Mwanawe Teofili kaja kutoka kijiji cha Ipole kumchukua. Ni mtu wa nyuki na tumbaku, mikono yake mikubwa, hasemi sana.

"Wewe ndiye mgeni?" akaniuliza.

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi."

"Mama amekaa nyumba hii tangu sijazaliwa. Leo analala kwenye kibanda changu cha kuchambulia tumbaku kwa sababu yako. Radhi yako nitaifanyia nini?"

Apolinaria alitoka amejifunga kanga kichwani hadi kwenye nyusi. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Nililitaka. Akasema kwa upole kabisa, "Ahsante kwa sukari, mama. Mungu akubariki wewe na mgonjwa wako."

Hakuna jambo lililonichoma kama lile "mama". Kofia ya baba ilikuwa imekunjwa vizuri, kanirudishia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Vestina kaleta pilau. Baba kijiko kimoja, cha pili akakitema.

Jumamosi, 4 Januari

Tulikwenda hospitali ya Kitete. Daktari kamwangalia taratibu, presha iko sawa, koo liko sawa, kumeza anaweza. "Anakataa mwenyewe," akaniambia. "Kuna kitu kimemuudhi nyumbani?"

Mvua ilitunyeshea njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 9 Januari

Niandike na hili, ingawa ni aibu.

Asubuhi nilijikaza nikaingia chumbani kwa kishindo kama alivyokuwa anaingia yeye. Nikasema, "Wewe mzee, bado hujafa tu?"

Baba alinitazama. Mdomo ukamcheza, lakini si kwa kicheko. Aliinua mkono wa kushoto akajifunika uso. Mtoto hana utani na baba yake. Yule akimwambia hivyo ni mchezo, nikimwambia mimi ni kweli, kwa sababu ni mimi ninayeosha mashuka. Nilitoka nje nikalia mvuani, walau majirani wasijue lipi ni lipi.

Jumanne, 14 Januari

Mkutano wa mtaa. Nilisimama mbele ya watu wasiopungua sitini nikasema nilichosaini si kweli, sikuelewa, bibi hana kosa. Advera alifuta mstari kwa wino mwekundu. Watu wakapiga makofi kidogo, kisha wakaanza kuulizia taka.

Nilimwuliza Amon kama sasa atarudi. Akatikisa kichwa. "Kitabu tumekifuta. Waliokuwa wamesikia hatukuwafuta."

Vijiko viwili. Suruali ya baba nimeipunguza kiuno mara ya pili.

Jumamosi, 25 Januari

Octavian kapiga simu ya video bila kunitaarifu na mimi mjinga nikapokea. Kamwona baba. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Nakuja tarehe nane Februari," akasema. "Mfungie nguo zake."

Nimefikiria kile chumba cha uani Kimara. Dada wa kazi atamlisha, atamfuta, atamwashia televisheni. Baba ataelekea ukutani, ukuta mwingine tu. Siwezi kumwacha aende akiwa ameninunia. Siwezi.

Ijumaa, 31 Januari

Kesho nakwenda Ipole. Vestina atakaa na baba. Jioni nzima amekuwa akinifunza kama mwali.

"Ukiomba msamaha umeharibu. Ukimwita mama kwa heshima umeharibu zaidi. Alikupa heshima ili akufukuze, hukuona? Mzaramo haombi kwa Mnyamwezi. Anadai. Na usirudi bila kuchukua kitu chake."

"Na mwanawe je?"

Vestina akakunja kitambaa alichokuwa anapiga pasi. "Mwanawe simjui," akasema.

Jumamosi, 1 Februari

Naandika nikiwa Ipole, kwa kurunzi ya kuazima. Nitaandika yote nisisahau.

Basi lilinishusha barabarani mvua inapiga. Nikatembea kwenye tope hadi boma la Teofili. Mke wake na wanawake wengine watatu walikuwa chini ya bati karibu na bani la kukaushia tumbaku, wanachambua majani. Apolinaria alikuwa katikati yao, kainama. Aliniona. Akaendelea kuchambua.

Teofili alitokea nyuma ya bani na panga mkononi, alikuwa anakata kuni za kukaushia. Alisimama kati yangu na mama yake. Kila nilichofundishwa kilitaka kutoka kichwani, kikabaki "samahani mama" tu, na hilo ndilo nililokatazwa.

Nikajaza kifua. "Nimekuja kumchukua mpagazi wangu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Katoroka. Mzigo kauacha Ng'ambo katikati ya njia, unanyeshewa."

Wanawake waliacha kazi. Teofili akasema taratibu, "Dada, ondoka kwangu."

"Siongei na wewe. Naongea na huyo mfupi. Wanyamwezi siku hizi wanapokea mzigo halafu wanakimbilia kwa watoto wao?"

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa anatazama jani mkononi mwake. Nilijua nimeshindwa, na kwamba nimemtukana mwanamke niliyemtoa nyumbani kwake, mbele ya mwanawe mwenye panga. Kilichobaki ni lile la mwisho la Vestina. Kwenye mafiga palikuwa na sufuria ya maharage inachemka. Nikaikamata kwa upande wa kanga yangu, nikaiinua, nikaanza kwenda nayo barabarani. Iliniunguza vidole. Niliendelea kutembea, machozi yananitoka, nusu ya moto na nusu ya woga.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Mwizi wa pwani. Hayajatiwa chumvi hayo."

Nikasimama.

"Hata kuiba hamjui," Apolinaria akaendelea. "Baba yako angengoja yaungwe."

Mkamwana wake ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Teofili hakucheka, lakini alilichomeka panga kwenye gogo, akaja akanipokea sufuria na kuvitazama vidole vyangu. Akaniletea asali ya kupaka, bila neno.

Usiku bibi na mimi tumekaa wawili. Utani aliuweka pembeni.

"Niliisikia ile mvua ya mawe nikiwa chini ya kitanda," akasema. "Umri huu, nimejikunja chini ya kitanda. Niliwaza, wakivunja mlango nitawaambia nini? Nilijua sauti zao. Wengine niliwapa maandazi wakiwa hawajaota meno."

"Nifanye nini, bibi?"

"Nitarudi. Lakini sitaingia Ng'ambo kama mtu aliyesamehewa. Kesho Jumapili, watu watakuwa wanatoka kanisani. Mzigo wangu utaubeba wewe kichwani, kutoka stendi hadi mlangoni kwangu. Kwa miguu."

Jumapili, 2 Februari

Godoro limefungwa na sufuria ndani yake. Sijabeba kitu kichwani tangu nikiwa msichana. Stendi hadi Ng'ambo jua lilikuwa limetoka makusudi kunionyesha. Shingo ilitaka kuvunjika. Yeye alikuwa nyuma yangu na fimbo, anatangaza.

"Tazameni mpagazi wangu mpya. Nimemnunua pwani, mbovu, hana hata mwendo. Tembea wewe."

Watu walisimama mbele ya maduka. Wengine walicheka mara moja, wazee hasa, wakaanza kumsaidia kunitukana. Wengine walikuwa kimya. Karibu na bomba walikuwapo vijana wanne wameegemea ukuta, wakaacha kuongea. Nyuma yangu fimbo ilinyamaza. Nilisikia bibi anavuta pumzi.

Nikageuka na godoro langu kichwani, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mbona umesimama, mchawi wewe? Au unataka nikubebe na wewe?"

Nililisema lile neno lile lile. Kisha Apolinaria akanichapa fimbo ya makalio. "Mchawi ni baba yako aliyekuzaa na kichwa laini hivi, godoro linazama." Mwanaume mmoja mzee kwenye kibanda cha fundi baiskeli alicheka hadi akakaa chini. Wale vijana wakatazamana. Mmoja akaangalia viatu vyake. Tukapita.

Bibi alipoingia kwetu baba alikuwa kaelekea ukutani. Akasema, "Kumbe hujafa. Nimerudi bure." Bega la baba likaanza kutikisika.

Vijiko sita. Shingo haigeuki.

Alhamisi, 6 Februari

Vinane. Lakini mifupa ya kifua bado inahesabika, na keshokutwa ni Jumamosi.

Jumamosi, 8 Februari

Octavian kafika saa tisa mchana na mvua. Alimwamkia baba, akamshika mkono ule mzima, akaushikilia muda mrefu. Halafu akanifuata barazani.

"Tulikubaliana nini?"

"Nikimkuta amekonda."

"Na umemwona?"

Nilianza kumweleza habari za bibi, za vijiko, za Ipole. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza sababu za fundi aliyechelewesha nguo. Nilijisikiliza hata mimi mwenyewe, na sikujiamini. Nikamwambia nguo zimefungwa. Nilikuwa nimezifunga kweli, kwa kuwa neno langu ni neno langu.

Tukiwa tunamvalisha baba soksi, Apolinaria akaingia, kaacha ndala zake zenye tope pale mlangoni karibu na mkeka. "Huyu naye nani? Mzigo mwingine? Mimi mgongo wangu umechoka." Kisha akamwinamia baba. "Wanakurudisha ulikotoka, eti. Vizuri. Udongo wetu mgumu, sikuwa na hamu ya kukuchimbia."

Octavian alisimama wima. Niliona uso wake, nikaujua, kwa kuwa ndio uliokuwa wangu ile Desemba. Baba alikuwa ameanza ule mlio.

"Mama, toka nje," Octavian akasema. "Mgonjwa analia."

"Anacheka," nikasema.

"Leonia, naona machozi."

"Mtazame vizuri."

Alitazama. Baba alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto polepole kwenye ukingo wa mkeka, vidole vikapapasa sakafuni hadi vikaikuta ndala moja ya Apolinaria. Akaivuta, pamoja na tope lake. Akaisukuma chini ya paja lake, akalifunika na shuka jeupe, akatulia akitazama dari kama mtu asiye na habari.

Octavian aliketi sakafuni, suruali yake ya safari na yote. "Miaka hamsini mimi ni mwanawe," akasema, "hajawahi kunifanyia mzaha hata mmoja." Kisha akalia, na sikumfuta.

Baadaye akasogea hadi usoni pa mzee. Akamwuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza. "Baba, unataka twende, au unataka ubaki?"

Baba alimtazama. Akamtazama Apolinaria, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndala moja mkononi.

"Nipe kiatu changu niende," bibi akasema.

Baba akajisogeza, kwa taabu, kidogo kidogo, hadi akakikalia vizuri zaidi.

Bibi Apolinaria alikwenda kwake mguu mmoja peku, kwenye matope, anatukana Wazaramo wote hadi wa Pugu. Tulimsikia mpaka alipofunga mlango.

Jumatatu, 10 Februari

Octavian kaondoka na basi la alfajiri, peke yake. Mvua kubwa. Bibi kaja saa moja kudai kiatu, kanyimwa.